Mlango wa Maji wa Dinah Haujafunguliwa

WERUGHA, Taita. Saa kumi na mbili asubuhi ukungu bado umeulalia mteremko, na Mzee Mwandawiro anatembea peku kando ya mfereji, jembe begani. Hayatazami maji, maana hayo anayajua kwa sauti. Anatazama matope ya kila mlango wa maji, kuona kama yana alama mpya za vidole.

Mfereji huu unatoka kwenye chemchemi chini ya kilele cha Vuria na kushuka maili moja na nusu, ukinywesha mashamba ya nyumba thelathini na moja. Kila nyumba ina mlango wake. Usidhani ni mlango wa mbao. Ni tundu kwenye ukingo, limezibwa kwa jiwe bapa na kukandikwa matope. Zamu yako ikifika unaondoa jiwe, maji yanaingia kwenye matuta yako mpaka kivuli kifike alama yako iliyochongwa kwenye mwamba, kisha unaziba.

Mlango hufunguliwa na mwenyewe tu. Mkono wa mtu mwingine haugusi. Zamani watu walipigana majembe kwa ajili ya jambo hilo, na ndipo wazee wakaweka sheria, wakaweka na mlinzi wa kuisimamia. Mwandawiro ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Malipo yake ni debe moja la mahindi kwa kila nyumba, mara moja kwa mwaka.

"Debe ni debe," anasema, "ila madebe ya wengine yana tumbo dogo."

Huo ndio utani wake wa mwisho leo. Amefika mlango wa saba, amesimama. Matope ya mlango huo yamekauka na kupasuka. Hakuna alama ya kidole. Mwenye mlango ni Dinah, mwanamke wa miaka ishirini na tisa anayekaa peke yake katika nyumba ya nyasi juu kidogo ya hapo, na hii ni Alhamisi ya pili hajaja kufungua maji yake.

Alexander, mwenye mlango wa nane, amefika zamani. Amekunja suruali mpaka magotini na jembe liko mkononi.

"Ameshapitwa, mzee," anasema. "Jua limegusa mwamba. Nipe maji."

"Ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Sheria unaijua kuliko sisi sote. Juma lililopita hakuja, nikachukua zamu yake, na hakuna aliyekufa."

Juma lililopita Mwandawiro alikuwa kitandani na homa, na watu waligawana maji wenyewe. Angekuwepo, mambo yangekuwa mengine.

"Hujui kama hakuna aliyekufa," anamjibu. "Ulikwenda kumwona?"

Mzee anachomeka jembe lake katikati ya mfereji, mpini juu, na hiyo ni alama ambayo hata mtoto wa Werugha anaijua: hakuna wa kugusa maji mpaka mlinzi arudi. Kisha anaanza kupanda kwenda kwa Dinah. Nyuma yake maji yanapita bure kuelekea bondeni, katika mwezi wa Septemba, wakati maharagwe ya Alexander yameanza kuwa manjano. Alexander anasema maneno ambayo hayafai kuandikwa gazetini.

Anayetaka kujua kwa nini mtu mwenye akili timamu anaacha maji yamwagike wakati wa kiangazi, sharti arudi nyuma miaka mitatu, mpaka Alhamisi moja ya Septemba 1953.

Mwandawiro alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Thadeus. Alikuwa karani wa kupokea kuni za reli kule Voi, kazi ikaisha, akarudi milimani na sanduku lake la bati. Baba yake alimkatia shamba kwenye mlango wa ishirini na mbili. Kijana alilima miezi minne. Baadaye akawa mtu wa kukaa. Chakula alikigusagusa tu, usingizi ukampotea, na akiulizwa ana nini alijibu kwamba amechoka.

"Nikamwambia, choka ukifika umri wangu," Mwandawiro anasimulia. "Nilicheka nilipomwambia. Nilidhani namtia moyo."

Alhamisi hiyo Thadeus hakuja kufungua maji yake. Baba yake alisimama kwenye mlango wa ishirini na mbili, akatazama njia, hakuona mtu. Nyumba ya mwanawe ilionekana kutoka pale, hatua mia mbili tu, na mlango umefungwa. Watu wa zamu zilizofuata walikuwa wamesimama wakimwangalia yeye, kuona mlinzi atafanya nini kwa damu yake mwenyewe.

Alikuwa na hamu ya kwenda kugonga. Lakini aliogopa kusemwa kwamba anampendelea mwanawe, kwamba wengine wanapitwa na zamu lakini mtoto wa mlinzi anafuatwa kitandani. Akapiga moyo konde. Akatangaza kwa sauti kwamba zamu ya Thadeus imepita, na maji yakaenda kwa mlango wa ishirini na tatu.

"Walinisifu," anasema. "Mzee mmoja alinishika mkono akaniambia, wewe ni mtu wa haki. Nikafurahi. Nilitembea mfereji mzima nimefurahi, na mwanangu alikuwa bado hai. Wakio alimkuta mchana."

Wakio ni mkewe. Alipofungua mlango ule mchana, Thadeus alikuwa ameshajiua.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote, na mwandishi wa habari hizi hana haja ya kuyapamba. Kengele ya kanisa haikulia. Alizikwa na watu sita, haraka, na mmoja wao hakutaka jina lake litajwe hata leo. Askari wawili walipanda kutoka Voi kuuliza maswali, wakaandika, wakanywa uji, wakashuka. Tangu siku hiyo watu wakaacha kumwita mzee huyu Baba Thadeus. Wanamwita Mzee wa Mfereji. Wanaona wanamstahi.

"Nilikuwa na jina," anasema. "Wakalizika pamoja naye."

Mlango wa ishirini na mbili haujafunguliwa tangu hapo. Nyasi zimeufunika. Anaupita kila siku, asubuhi na jioni, na anasema hajaweza kuutia mkono.

Sasa turudi kwa Dinah.

Mwandawiro alipofika kwake asubuhi ile hakusikia kuku wala mchi. Aligonga, kimya. Akagonga tena. Akashika nguzo ya kibaraza.

"Dinah, ni mimi," alisema. "Sitaondoka."

Baada ya muda mrefu mlango ulifunguliwa kiasi cha kupitisha uso. Alikuwa hai. Hakuwa amevaa kitambaa kichwani, na midomo ilikuwa imekauka kama ya mtu asiyekunywa hata maji. Nyumbani mlikuwa na jiko lisilo na majivu mapya.

"Mpe Alexander maji," alisema. "Mimi siyataki."

"Sikuja kwa ajili ya maji."

"Wewe hukuja kwa ajili ya maji?" Dinah alicheka, na Mwandawiro anasema kicheko hicho kilimuumiza kuliko matusi. "Tangu lini?"

Kuna jambo ambalo mzee alikuwa anajua atalisikia siku moja, na siku yenyewe ilikuwa ndiyo hiyo. Mwezi wa Juni surua ilipita vijijini. Dinah alikuwa na mtoto mmoja, Susan, wa miaka minne. Alhamisi moja mtoto aliamka na homa kali. Dinah alikaa naye mpaka jua likakaribia mwamba. Kisha akasikia sauti ikimwita kutoka mferejini: Mama Susan, maji yako yanapita. Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, na zamu ikipita haikurudishwa. Akamfunika mtoto, akachukua jembe, akateremka mbio. Aliporudi na matope miguuni, Susan alikuwa ameshakufa.

Aliyeita alikuwa Mwandawiro.

"Wewe ndiye uliyeniita," Dinah alimwambia hapo mlangoni. "Kila nikilala naisikia sauti yako. Maji yako yanapita, maji yako yanapita."

"Ni mimi," alisema mzee. "Sikujua mtoto anaumwa. Sikuuliza pia."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

Hakujitetea. Anasema angeweza kusema mengi, kwamba aliita watu thelathini siku hiyo, kwamba sheria ni ya wazee, kwamba surua haikuchagua. Yote ni kweli. Lakini alikuwa ameshajaribu kujiambia maneno ya namna hiyo kwa miaka mitatu juu ya mwanawe, na hakuambulia kitu.

Mume wa Dinah, Obadiah, ni mfanyakazi wa reli mjini Voi. Alipanda kwa mazishi, akasimama mbele ya watu akamwuliza mkewe kama mahindi yalipata maji ya kutosha. Kisha akashuka, hajarudi. Kijiji nacho hakikumsema vibaya Dinah, maana hakikumsema kabisa. Jina la Mama Susan likaachwa, na jina lingine halikupatikana. Wanawake wakikutana naye njiani wanamwamkia "wewe", wanapita.

"Niambie jambo moja," Mwandawiro alimwuliza. "Unataka kufa?"

Dinah anasema hakutegemea swali hilo. Hakuna mtu aliyewahi kulitamka, na lilipotamkwa alihisi kama mtu aliyekuwa amebeba kuni peke yake njia ndefu, na sasa kuna mwingine aliyeuona mzigo. Si kwamba mzigo ulipungua.

"Nimechoka kuamka," alijibu.

Mzee akaketi chini, kwenye kizingiti, maana neno hilo alikuwa amelisikia kabla.

"Umechoka vipi?" akauliza. "Nieleze. Leo sina haraka."

Akamweleza. Yalichukua muda mpaka ukungu ukainuka na bonde zima likaonekana, na maji ya watu wote yakawa yanamwagika chini. Alipomaliza, Mwandawiro alikwenda na kibuyu kuteka maji mferejini, akarudi nacho. Watu wa Taita wanajua maana yake. Mwenye hasira moyoni na mwenzake huchukua funda la maji, akalitema kwa kulirusha huku akiitaja hasira yake na kuiaga, na hilo huitwa kutasa. Siku hizi wengi ni wa kanisani, lakini nyumba ambazo hazijui kutasa ni chache.

"Nitemee mimi," alisema. "Hasira hiyo ni haki yangu. Itoe."

Dinah alikitazama kibuyu.

"Nikiitoa nitabaki na nini?" aliuliza. "Mtoto sina. Mume sina. Hii hasira ndiyo inayoniamsha."

Mwandawiro alikiweka kibuyu karibu na mlango, kimejaa, akamwambia akae na hasira yake kwa muda apendao, ila asikae nayo peke yake. Akamwita Wakio. Wakio akaja na uji, akaingia, na siku hiyo hakutoka.

Jumamosi yake mzee alipanda lori la kabichi, akashuka Voi kutafuta msaada. Alikaa juu ya magunia, na lori lilipofika kwenye joto la tambarare kabichi zilianza kutoa harufu. Alikuwa na sehemu tatu za kwenda.

Kwanza alikwenda zahanati. Dresa, yule mhudumu wa dawa, alikuwa mtu mpole, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa huzuni iliyokuwa ya kweli kwamba dawa ya jambo hilo hana. Akampa vidonge vya kichwa, sita, katika karatasi. Akamwonya pia asilieleze jambo hilo ovyo. Sheria ya nchi inasema anayejaribu kujiua naye akabaki hai ni mhalifu, na hupelekwa mahakamani. Kwa hiyo mwenye fikira hizo hamwambii chifu, hamwambii katekista, hamwambii mtu. Ukiitazama vizuri, sheria yenyewe inamfungia mgonjwa ndani na ugonjwa wake, kisha inakaa nje ikimlinda. Mwandishi hajui ni nani aliyedhani hiyo ni tiba.

Kisha alikwenda kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Obadiah alikuwa ametoka kazini, anaosha mikono kwa mafuta ya taa.

"Mkeo ni mgonjwa," Mwandawiro alimwambia. "Panda ukamwone, hata siku moja."

"Mgonjwa wa nini?"

"Wa moyo. Tunaogopa atajiua."

Obadiah alijifuta vidole kimoja kimoja. "Mwambie afungue maji yake," akasema. "Si ndiyo aliyoyapenda?" Akaingia ndani. Mwandawiro anasema alimwona, kabla mlango haujafungwa, akijishika uso kwa viganja vile vyenye mafuta. Lakini hakutoka.

Mahali pa tatu palikuwa kituo cha polisi, ambako alitaka kuuliza juu ya sheria ile. Alifika langoni, akaiona bendera, akageuka.

Lori la kurudi liliondoka jioni. Mzee aliketi kwenye benchi la Salme, mwanamke wa Kiislamu anayepika mahamri karibu na stesheni, mtu ambaye watu wake walitoka pwani zamani na mjini Voi anajulikana na kila anayesafiri. Alinunua chai. Salme alimwona haigusi chai.

"Una nini, baba?" aliuliza.

Alimweleza. Hakuwa amekusudia. Alimweleza habari za Dinah, na bila kujua alivyofika huko akajikuta anamweleza habari za Thadeus, huku watu wakipita na mizigo yao.

"Pole, Baba Thadeus," Salme alisema. Hakujua kwamba jina hilo lilikuwa halijatamkwa mbele ya mzee kwa miaka mitatu. "Mimi dawa siijui. Najua tufanyavyo. Mtu akifiwa hatumwachi. Twaenda, twakaa, hata tusiwe na la kusema. Alipokufa mume wangu walinikalia arubaini nzima. Kuna siku nikawachukia, nikawaambia waende zao. Wakahamia kibarazani."

"Kwetu pia watu huja kukaa," alisema Mwandawiro.

"Siku ngapi?"

Mzee alihesabu kimoyomoyo. Kwa Susan walikaa siku nne. Kwa Thadeus hakukaa mtu.

Alirudi Werugha na vidonge sita na wazo moja. Jumapili jioni aliwakusanya wazee wa mfereji akawaomba mambo mawili. La kwanza, sheria ibadilishwe: mtu asipokuja kufungua, zamu yake isiende kwa anayefuata mpaka mtu amekwenda kugonga kwake na kumwona kwa macho. La pili, nyumba nyingine zote za mfereji zichukue zamu ya kukaa na Dinah, mchana na usiku, kwa orodha ileile ya maji.

La kwanza lilikataliwa. Mzee mmoja alisema kiangazi hakina subira, na kwamba kama kila mvivu atagongewa, mahindi ya watu yatakauka. Mwingine akasema mfereji si kanisa. La pili halikukataliwa, ila kila mtu akatazama miguu yake. Wapo wanaoamini kwamba nyumba yenye mawazo ya kifo huyatuma mawazo hayo kwa anayeingia. Wapo waliomwogopa chifu.

Kati ya nyumba hizo zote, zilikubali nne. Ya Wakio ni moja katika hizo nne, na Mwandawiro anasema kumhesabu mke wako mwenyewe ni kudanganya kidogo.

"Nilirudi nyumbani nikalia," anasema. "Mtu mzima mimi. Nilijiona mjinga. Nikamwambia Wakio, huyu atakufa, na mimi nitasimama tena mferejini nikitangaza kwamba zamu imepita."

Juma hilo lilikuwa baya. Jumatatu Dinah hakula. Jumanne alimwambia Wakio achukue shuka zake nzuri mbili na sufuria, kwamba yeye hazihitaji, na Wakio akavirudisha vitu vile mahali pake bila kusema neno, kisha jioni akamwita mumewe pembeni akamwambia kwamba Thadeus naye aliwahi kumpa blanketi lake. Usiku huo walikaa wote wawili. Jumatano Dinah aliwatukana, akawafukuza, na wao wakahamia kibarazani, kama alivyosema Salme. Kwenye baridi ya Werugha kibaraza si mahali pa watu wa miaka hamsini na nane.

Mwandishi alimwuliza Dinah kwa nini alikubali maneno yake yaandikwe.

"Huko kwingine kuna mtu mlango wake umefungwa," alisema. "Pengine jirani yake anasoma gazeti."

Alisema pia kwamba mwandishi asiandike kwamba amepona. Hajapona. Asubuhi nyingi bado anafumbua macho akiwa na majuto kwamba ameyafumbua. Tofauti, anasema, ni kwamba sasa kuna mtu anayekohoa hapo nje.

Alhamisi imefika tena. Ukungu ni uleule, na jua linaikaribia alama ya mwamba. Mwandawiro amesimama kwenye mlango wa saba. Matope ni makavu, hakuna alama ya kidole.

Alexander hayupo. Jembe lake limelazwa ukingoni na mwenyewe haonekani, jambo ambalo si la kawaida kwa mtu ambaye maharagwe yake yanakufa. Mzee anageuza shingo. Anamwona huko juu, kwenye njia, amesimama mbele ya nyumba ya Dinah, kofia mkononi, anagonga.

Mwandawiro anafuta pua kwa mkono wa shati.

Wanashuka polepole: Alexander mbele, Wakio nyuma, na Dinah katikati, kichwa amekifunga kitambaa. Hakuchukua jembe. Anafika mlangoni pake, analitazama jiwe, na mikono anaificha kwapani.

"Siwezi," anasema. "Nikilishika hilo jiwe naisikia sauti."

"Usilishike," anasema Mwandawiro.

"Alexander achukue. Nasema mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Nimesikia. Na wewe utakwenda wapi?"

Dinah anatazama njia aliyotoka, kisha anautazama ukingo.

"Nitakaa hapa."

Anaketi kwenye nyasi, miguu karibu na maji. Alexander anafungua mlango wa nane, na kwa mara ya kwanza katika kiangazi hiki maharagwe yake yanapata zamu mbili kwa halali. Hafurahi kama mtu angetazamia. Anafanya kazi kimya, na mara mbili anainua kichwa kuona kama mwanamke bado yupo.

Yupo. Anakaa zamu nzima, mpaka kivuli kinafika kwenye alama. Hasemi, hali kipande cha muhogo alichopewa na Wakio, hatabasamu. Ukipita njiani ungesema ni mtu anayepumzika.

Mwandawiro ameketi karibu naye. Mwandishi anamwuliza ana mpango gani, kama wasomaji wanavyopenda kujua mwishoni. Anasema atawauliza wazee tena juu ya sheria, na wakikataa atawauliza tena. Anasema anataka orodha ya kukaa ipate nyumba ya tano, na anadhani leo ameiona. Kuna jambo jingine pia. Mvua za vuli zikikaribia angependa kupanda maharagwe kwenye shamba la mlango wa ishirini na mbili. Kwanza itabidi aung'olee ule mlango nyasi, na kila siku anasema kesho.

Dinah amekuwa akisikia, ingawa alikuwa ametazama maji.

"Ndio ule wenye nyasi ndefu, kule chini?" anauliza.

"Ndio."

Dinah anajiinua kwa kushika bega la Wakio, anajikung'uta kanga, anageuka kupanda njia. Amekwishapiga hatua tatu anaposimama.

"Siku utakayokwenda kuufungua, Baba Thadeus," anasema, "unipitie. Nitakuja nikae."

Mzee naye anainuka.

"Nitakupitia, Mama Susan."